Sinia Lililofungiwa Chumbani

Msiitikie amina bado. Leo nimekuja na hasira, na mkinisikiliza mtajua inatoka wapi.

Kulikuwa na mchoraji mmoja, mwanamke wa bara, aliyemzika mama yake akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Kula kukamshinda, kuchora kukamshinda. Akafunga rangi zake, akavuka kwenda kisiwani, akapanga chumba kwa mjane mmoja ambaye wanawe wote walikuwa wameoa na kuolewa mbali.

Siku ya kwanza mjane akapika. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya embe. Akapakua kwenye sinia, akaliweka mkekani, akasema, "Chakula tayari, mwanangu." Kisha akaenda kunawa mikono.

Mchoraji akautazama ule mlima wa wali. "Mama wee! Yote haya yangu? Unataka nirudi kwetu nabingirika?" Akalibeba sinia, akaingia nalo chumbani, akausukuma mlango kwa kisigino.

Mjane akarudi, mikono ikichuruzika maji. Mkeka mtupu.

Mnacheka. Kwao mchoraji kila mtu na sahani yake, angejuaje kwamba sinia ni la kuliwa pamoja? Sawa, nakubali. Lakini siku kumi na nne, ndugu zangu! Siku kumi na nne aliletewa chakula cha watu wawili, na hata mara moja hakuuliza, "Mama, wewe umekula?" Maneno matatu tu! Na mjane kila siku akijiambia, kesho ataniita.

Siku ya kumi na tano akampakulia kwenye sahani.

"Afadhali, mama," mchoraji akasema. "Nilikuwa nabakiza."

Akachora miezi miwili. Ufuko usio na mtu. Kibaraza kisicho na mtu. Mkeka usio na mtu. Aliporudi mjini akazitundika picha hizo ukumbini, akaziita Peke Yangu, na watu wakasimama mbele yake wakifuta machozi. Akawaambia, "Kule sikuwa na hata mtu wa kula naye."

Msichana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Dada, ulifikia kwa nani?"

Akamtajia.

"Huyo ni shangazi yangu. Sinia halipakuliwi mtu mmoja, dada. Alikuwa anangoja umwite."

Mchoraji akaigeukia picha ya mkeka. "Mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini? 'Mgeni, nami nina njaa'?"

"Nitarudi. Nitakula naye."

"Rudi. Ila utakuta sahani. Siku hizi hata sisi ndugu zake tukienda, anatupakulia mmoja mmoja, kisha anaingia ndani kula chake. Upweke huu unaotuonyesha hukuukuta kule. Uliupeleka wewe."

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tunaofunga na kuomba, "Ee Mungu, nipe hata mtu mmoja wa kunielewa," huku tunaishi wanne chumba kimoja na kila mmoja kajiziba masikio kwa muziki wake. Tunaandika kwenye simu kwamba chuo hiki kina upweke, tunahesabu waliotuonea huruma, tunajisikia watu wa kina. Uongo mtupu! Mungu alishajibu. Jibu linalala kitanda cha juu, na hatujui kwa nini halijaenda darasani wiki nzima. Hatujauliza. Tuko tayari kuulilia upweke wetu mbele ya umati, lakini kumuuliza mtu kama amekula, hapo ulimi unakuwa mzito.

Yule dada wa safu ya mwisho, mwenye kilemba cha kijani, amekaa pale peke yake tangu muhula uanze. Nani anajua jina lake? Ndiyo, sasa mnageuka kumtazama! Mimi mwenyewe silijui, na kila wiki nasimama hapa nikiwafokea ninyi.

Dada, nisogezee kiti. Nakuja kukaa.