Jike Aliyesamehewa

“Sasa watazaa wapi?” Mwanamke mmoja aliuliza hivyo, mumewe akiwa tayari ameshika kibiriti.

Mumewe alikuwa mwindaji mwenye kibali katika bonde la mto, penye sheshe, wale swala wa nchi ya majimaji. Sifa yake ilivuma: miaka ishirini hajampiga jike mwenye mimba. Hata mwaka ule alimlenga mmoja, akaliona tumbo, akashusha bunduki. Kijiji kizima kilipata habari, mwenyewe alihakikisha.

Wiki ileile akachoma matete yote ya ukingoni, apate kuona mbali. Machipukizi yakamalizwa na ng'ombe.

Miezi ikapita, binti yao akajifungua. Mzazi anataka mchuzi wa nyama, nani asiyejua? Mwindaji akatoka siku tatu, akarudi na matope tu magotini.

“Kuna watu wanaua majike!” akafoka. “Mimi sijagusa hata mmoja!”

“Mzee, vaa viatu,” mkewe akasema. “Nifuate.”

Akampeleka hadi palipokuwa na matete. Mifupa ya jike ilikuwa imelala peupe, na kando yake mingine, myembamba kama njiti za kibiriti.

“Huyu hapa uliyemsamehe. Alirudi kuzaa palepale alipozoea. Fisi wakamwona kwa mbali, kama wewe ulivyotaka kuona.”

“Lakini sikumpiga!”

“Nani kasema ulimpiga? Ulimchomea tu chumba cha kuzalia.”

Ndugu zangu, mnamcheka mwindaji? Haya, na sisi je? Mwenzetu alipopata mimba mwaka jana, nani alimfukuza katika ushirika huu? Hakuna! Tena tunajisifu: hatukumtupia hata jiwe. Ila kwaya ikampa mwingine nafasi yake. Aliyeishi naye chumba kimoja hosteli akahamisha godoro. Tukawa tunanyamaza akikaribia, halafu tunaulizana, kwa sura za upole kabisa, mbona siku hizi haonekani. Angeonekana wapi? Hapakubaki hata tete moja la kujisitiri, na kibiriti tulishika sisi, wengine tukiwa na Biblia mkono wa pili.

Leo amerudi. Amesimama pale mlangoni tangu wimbo wa kwanza, mtoto mgongoni, na benchi la nyuma limekaliwa na watu wanne na mikoba yao.

Nyie wa nyuma, tafadhali, toeni mikoba, akae.