Mama Aliyekula Jikoni

Mjane mmoja wa Usangi alikuwa na watoto watano na sufuria moja. Jina lake Nakijwa. Mumewe alipofariki, mtoto wa mwisho alikuwa angali mgongoni. Mama huyo alilima maharage mteremkoni, akauza ndizi gulioni, akawalea wote watano bila kumpa ndugu yeyote hata mtoto mmoja amlelee. Wakati wa chakula aliwapakulia kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha akarudi jikoni na kurudishia mlango. Wakimwita aje ale, alijibu kutoka huko huko kwamba alionja wakati wa kupika na ameshiba. Miaka mingine ilikuwa kweli. Miaka mingi haikuwa kweli, kwa maana sufuria ilikuwa imekwisha, naye hakutaka wamwone akikwangua ukoko.

Njaa ilipita. Watoto wakasoma, wakapata kazi, wakaoa na kuolewa. Lakini mama hakuacha. Krismasi ikifika walirudi nyumbani, mbuzi akachinjwa, pilau ikapikwa, ua ukajaa wajukuu, na yeye akabaki jikoni na mwiko wake, akisema ameshiba. Chakula sasa kilikuwepo tele, ila mazoea yana taabu. Akina mama wa kanisani walimsifu, nami pia namsifu, tena kwa moyo wote. Mkono ule ulikuwa mkono wa kutoa. Lakini watoto wake walikuwa na kiu moja ambayo hawakujua wamweleze vipi: walitaka, angalau mara moja kabla hajafa, kumwona mama yao akila Krismasi pamoja nao.

Binti mkubwa, Elineema, alikuwa muuguzi Uingereza. Alifikiri sana, akasema moyoni kwamba nyumbani jiko ni la mama na hakuna wa kumtoa humo. Basi dawa ni kumpeleka mahali ambapo jiko si lake. Aliwaita wadogo zake wote, wakachanga, wakakodi kwa sikukuu nyumba moja ya kale ya mashambani huko huko Uingereza, ya aina ambayo hukodishwa pamoja na wapishi wake, wakasafiri na mama na wajukuu wote. Mtu akiingia humo hupikiwa, huandaliwa, na vyombo huoshwa bila yeye kuvigusa.

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa nyumba. Ilijengwa kwa mawe ya rangi ya asali, katikati ya malisho yaliyokuwa meupe kwa umande ulioganda. Madirisha yake yalikuwa marefu, yenye vioo vidogo vidogo visivyohesabika. Ngazi zilikuwa za mbao za mwaloni, nazo zilibonyea katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa zamani. Sebuleni palikuwa na meko ambayo ng'ombe mzima angeweza kusimama ndani yake, na moto uliwaka humo mchana kutwa. Nakijwa aliweka kiganja chake ukutani, akauliza nani alijenga. Akaambiwa ni watu wa kale ambao wengi wao hata majina yao hayajulikani. Akauliza tena, hao watu sisi tuliwafanyia nini hata leo tuote moto wao?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya kwanza tu alishaanza kulitafuta jembe. Alitandika vitanda vya watu wazima. Alifagia majivu ambayo hayajapoa. Kisha akaifuata harufu ya vitunguu mpaka jikoni, akakuta viazi, akashika kisu. Mpishi mkuu alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Dorothi, mashavu mekundu, mikono imara. Hakujua Kiswahili hata neno. Alikitoa kisu taratibu mkononi mwa mgeni wake, akamshika mabega, akamgeuza, akamsindikiza hadi kwenye kiti kando ya moto, akamfunika miguu kwa blanketi. Mama akashukuru, akaketi, akangoja Bi Dorothi apotee, akarudi jikoni kama kuku aliyeona mahindi yameanikwa. Ikawa hivyo siku ile na siku iliyofuata.

Msimcheke. Pale kwenye kiti, mikono yake ikiwa imelala mapajani bila kazi, aliona haya. Alijiona mwizi. Hakulima kile kiazi, hakukimenya, hakuokota hata kijiti cha kukipikia, angekilaje?

Siku ya Krismasi ilifika. Walikwenda ibada asubuhi katika kanisa dogo la kijijini, kengele zikigongwa hadi mifupa ikatetemeka, wakarudi, wakakuta meza imetandikwa. Nawaambia ukweli, mimi sijawahi kuona meza kama ile waliyonisimulia. Kulikuwa na bata mzinga mwenye ngozi ya rangi ya shaba, viazi vilivyookwa vikapasuka, karoti, mchuzi mzito, na vikabichi vidogo vidogo kana kwamba vilisahau kukua. Juu ya kila sahani palilazwa taji la karatasi. Ni desturi ya watu wa kule: siku hiyo kila aketiye kula huvaa taji, awe hakimu, awe mtoto anyonyaye. Kiti cha Nakijwa kilikuwa mwanzoni mwa meza, karibu na moto. Wakainamisha vichwa, mwanawe Eliamini akaomba. Waliposema amina na kufumbua macho, kiti kile kilikuwa kitupu.

Alikuwa jikoni. Alikwisha kukunja mikono ya gauni lake la sikukuu na kuanza kusugua masufuria ya watu.

Kule mezani hakuna aliyegusa uma. Elineema aliwatazama wadogo zake, nao wakamtazama, na bila kuambiana wakaelewana kwamba hawatakula. Wajukuu wakaketi na mataji yao kichwani, wafalme wenye njaa, wakimeza mate. Mvuke ukapungua. Mchuzi ukaanza kufanya utando juu.

Baada ya muda Nakijwa alikuja kuchungulia mlangoni, kwa kuwa hiyo ndiyo starehe aliyoijua maishani, kuwatazama wanawe wakila. Akaona sahani zimejaa na hakuna anayetafuna. Moyo ukamshtuka. Alikuwa amesikia tangu zamani kwamba chakula cha Wazungu hakina ladha, basi akajua ni hilo tu. Akarudi mbio, akachukua kopo la chumvi, akaingia nalo, akaanza kuzunguka meza akimnyunyizia kila mtu sahanini na kumwombea msamaha Bi Dorothi, kwamba ni mama mwema sana, ni vile tu hakufundishwa. Alipofika kwa binti yake mkubwa, Elineema aliushika ule mkono wenye chumvi, akasema, "Mama, tumekula Krismasi zako zote. Hata moja hatujala na wewe."

Nakijwa alisimama pale pale. Maisha yake yote aliamini kwamba amewapa kila kitu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kimoja alikuwa amewanyima, tena kile walichokitaka kuliko mbuzi na pilau. Akaliweka kopo mezani, akaenda, akaketi.

Ndipo Bi Dorothi akatoka jikoni, akifuta mikono, akaichukua ile sahani iliyopoa na kumletea nyingine ya moto. Elineema akamvika mama yake taji la karatasi juu ya kitambaa chake cha kichwa. Na mama akala. Alikula akilia, kwanza kidogo kidogo kama mgonjwa, kisha kama mtu aliyetoka shamba. Aliomba kiazi kingine. Watoto wake, watu wazima wenye vyeo na mvi, walimtazama akitafuna kama watu wanaotazama jua likichomoza. Wakagundua kwamba hutafunia upande mmoja, maana upande wa pili meno yamekwisha. Wakagundua kwamba karoti hazipendi. Alizisogeza zote pembeni mwa sahani. Walikuwa wameishi naye miaka yote hiyo, wakampenda, wakamlilia alipougua, na hawakujua kwamba mama yao hapendi karoti.

Nimesema namsifu mama huyu, na sasa namsifu zaidi. Kutumika alijua tangu ujana, na wengi wetu humu tunajua. Lakini kuketi, mikono mitupu, mbele ya chakula usichokitolea jasho, katika nyumba usiyoijenga, ukahudumiwa na kupendwa bila kulipa kitu, hilo ndilo jambo gumu, naye aliliweza akiwa mzee.

Nyinyi wazee wa kanisa mnaobeba viti, nyinyi akina mama ambao hakuna msiba wala harusi msiyoipikia, nawauliza nanyi, na najiuliza mimi ninayesimama kila Jumapili kuwalisha wengine neno. Taji huwekwa mezani, halipelekwi jikoni. Siku ile Mwenye Nyumba ya mbinguni mwenyewe atakapojifunga kitambaa kiunoni na kukuvutia kiti, je, utaketi, au utamuuliza jiko liko wapi?