Tone la Pili la Msunguti

Hapo zamani, vidonge vya hospitali vikiwa havijajua njia ya vijijini, Kitsao alikuwa na mke, Nyevu, na Nyevu alikuwa na moyo uliochoka. Miguu ilimvimba. Hatua tatu, pumzi zikakatika. Kitsao alimuuguza kwa mizaha, maana hata kupika uji kulimshinda.

Mganga Ngumbao akachemsha gome la msunguti, mti uleule wa sumu ya mishale. "Tone moja kila alfajiri," akaonya. "Moja huamsha moyo. Mawili huulaza."

Umazi, dada yake Nyevu, ndiye aliyedondosha. Siku ya saba Nyevu akasimama. Siku ya kumi akatwanga. Kitsao akacheza ngoma peke yake uani, kuku wakakimbia.

Dawa ikaisha. Ngumbao akapika nyingine, ya msunguti mwingine, kali zaidi. Hakusema.

Alfajiri iliyofuata Umazi akamnywesha Nyevu tone lake moja, akaenda kisimani. Naye hakumwambia Kitsao.

Kitsao akaamka. "Mama watoto, umeshakunywa?"

"Bado." Keshokutwa binti yao alikuwa anaolewa, na Nyevu alitaka kucheza.

"Basi leo nikupe mimi, usije ukasema nakula bure humu ndani."

Nyevu akacheka, akanywa. Umande haujakauka, moyo ukasimama.

Kijijini mwao udongo wa kwanza wa kaburi hutiwa na aliyemuuguza marehemu, mradi asiwe na mkono katika kifo chake. Nyevu akalazwa shimoni. Kitsao akashika jembe. Umazi akalishika pia.

"Shemeji, liache! Mimi nilidondosha moja, kama nilivyoagizwa. Wewe nani alikutuma?"

"Aliniambia bado! Ungeniachia neno moja tu, Umazi. Moja!"

"Dawa ilikuwa kali, sikatai," akasema Ngumbao. "Lakini kwa tone moja angeishi."

"Una hakika?" akauliza Kitsao.

Ngumbao akaitoa ile dawa mkobani, akainusa tena.

Bibi mmoja akanong'ona, "Na marehemu je? Si ndiye aliyedanganya?"

"Huyo msimguse!" Kitsao akalia. Mara hii hakuwa na mzaha hata mmoja. "Nilimpa kwa mkono wangu, akacheka. Niacheni nimfunike."

Jua likapanda. Kaburi likabaki wazi, jembe katikati ya mikono miwili.

Haya, nyie mnaosikiliza, semeni: nani alimuua Nyevu? Na udongo wa kwanza, je, nani alistahili kuutia?