Wageni wa Bwana Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Chungu!

Cha udongo!

Udongo kachimba nani?

Kimya. Mnaona? Chungu mnakijua, wali wake mnaujua, mchimba udongo hamumjui. Basi kaeni, leo nitamleta mbele yenu. Nanyi watu wazima mlioegemea ukuta, msijifanye mnasinzia. Hadithi hii inawahusu kuliko hawa watoto.

Kwanza tujifunze kiitikio. Nikisema, "Jua limezama," nyinyi mjibu, "Mgeni nenda." Haya, jua limezama!

Mgeni nenda!

Vizuri. Mmeitikia upesi mno, lakini vizuri.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kupakua kama sisi, alikuwapo Ngiri. Ngiri yule yule, meno nje, mkia juu. Alikuwa na kiwanda cha vyungu, kiwanda kikubwa. Tanuri likiwaka, moshi ulionekana hadi ng'ambo ya mto. Kiwanda kilizungushiwa boma la miiba, lango moja tu. Nje ya lango palikuwa na njia. Njia ilipita katikati ya matete. Na ndani ya matete alikaa Chui.

Kazi ya vyungu haifanywi na mmoja. Muhanga alichimba udongo, pu! pu! pu! Kanga walileta nyasi za kuwashia tanuri. Bi Pimbi alifinyanga, yeye na mdogo wake wa kike, na huyo mdogo wake alifinyanga na mtoto mgongoni. Manyani nao walifinyanga. Udongo ule ule, moto ule ule, jasho lile lile. Lakini manyani waliitwa wenyeji. Hawa wengine wote waliitwa wageni.

Kwa nini wageni? Porini palikuwa na mila. Anayelala kwako hadi siku ya tatu si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani. Ana mahali pake pa kulala. Akiugua, utamuuguza. Akivamiwa, utamtetea. Ngiri aliijua mila hiyo vizuri sana, na kwa kuwa aliijua, aliweza kuikwepa.

Kila jioni, jua likigusa vichwa vya matete, mnyapara wake Nyani alisimama langoni. Akaita, "Jua limezama!"

Mgeni nenda!

Kwaa! Lango likafungwa, wageni nje, wenyeji ndani. Kulipopambazuka, Nyani yule yule akafungua, akaimba kwa sauti ya asali, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakaingia. Wageni wapya kabisa. Jana haihesabiwi.

Muhanga alichimba pale mpaka shimo lake likajaa maji ya mvua, likaota magugu, bata wakaja kuogelea. Bado mgeni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ngiri alitoa jembe siku ya kwanza, asubuhi. Hiyo siku ya tatu ndiyo hakuiruhusu ifike.

Sasa sogeeni.

Jioni moja lango likafungwa, kwaa. Wageni wakashika njia ya matete. Walitembea kimya, wamebanana, kila mmoja akitaka kuwa katikati. Mara wakasikia sauti kama msumeno unaokata ubao. Hroo-kha. Hroo-kha. Wakakimbia. Wakakimbia, wakakimbia. Ile mbeleko ya mdogo wake Pimbi ikafunguka, mtoto akaanguka. Mama akarudi. Akamwokota, akamrusha kwa dada yake.

"Shika," alisema.

Pimbi akashika. Matete yakatikisika, shwaa, kisha yakatulia.

Kulipopambazuka, Pimbi alikuwa langoni, mtoto mgongoni. Nyani akafungua. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaimba, kama kawaida yake. Pimbi akaenda mahali pao pa kazi. Akakuta mahali pa mdogo wake pameshakaliwa. Pameketi mfinyanzi mpya, Panya Buku, anaendelea na chungu ambacho marehemu alikiacha nusu. Chungu kile kilikuwa bado na alama za vidole vyake.

Pimbi akaenda kwa Ngiri.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba, Bi Pimbi. Nimesikia habari. Poleni sana."

"Tumeshapoa, Bwana. Nimekuja na ombi. Tulale ndani. Nyuma ya tanuri pana majivu ya moto, panatutosha. Hatuombi hata mkeka."

Ngiri akatikisa mkia. "Bi Pimbi, mimi nakuheshimu. Lakini nyinyi ni wageni. Mgeni akishatoka langoni, yuko mikononi mwa njia. Nikianza kulaza wageni, hii itakuwa nyumba au soko?"

"Na huyu mtoto?"

"Huyo hata mgeni si mgeni. Huyo sikumkaribisha."

Bibi yangu aliponisimulia, alipofika hapa, nilitazama chini nikatafuta jiwe. Sikuona wa kumpiga. Pimbi akarudi kwenye udongo. Akaukanda, akaukanda, na neno lile akalikanda pamoja na udongo. Mgeni. Mgeni. Mgeni. Udongo ukalainika, na neno nalo likalainika.

Siku hiyo hiyo akaja Tembo kuchukua mitungi ya maji. Tembo ni mnunuzi mkubwa, na ni mtu wa mila. Ngiri akamkaribisha kwa mbwembwe. Tembo akatupa macho huku na huku.

"Wafanyakazi wengi. Hawa wote ni watu wako?"

"La, mzee," Ngiri akasema, akavimbisha kifua. "Hao ni wageni wangu. Kila siku nawakaribisha mwenyewe. Porini kote hakuna mkarimu kama mimi."

"Hilo jema," akasema Tembo. "Nitalisimulia kila nitakapokunywa maji."

Pimbi alisikia. Akamnong'oneza Muhanga. Muhanga akawanong'oneza Kanga, na mnajua Kanga, siri kwao hailali. Siku hiyo ililala.

Jioni ikafika. Nyani akasimama langoni. Akaita, "Jua limezama!"

Mgeni nenda!

Hakuna aliyekwenda. Walikuwa wamenawa mikono, wameketi mstari mmoja kando ya lango, wametulia kama watu waliokwisha kula.

"Mbona hamwendi?" akauliza Nyani.

"Twangoja," akasema Pimbi.

"Mwangoja nini?"

"Mwenyeji wetu atusindikize."

Nyani akamtazama Ngiri. Ngiri akacheka, he he he, peke yake. "Jamani, njia si mnaijua? Kila siku mnaipita."

Tembo, aliyekuwa bado anapakia mitungi yake, akautua mmoja chini, polepole. "Ina maana hujawahi kuwasindikiza wageni wako, Ngiri?"

Mgeni haachwi mlangoni, hata mtoto mdogo anajua. Unatoka naye, unatembea naye, unamvusha mahali pabaya ndipo mnaagana. Mdomo ulikuwa umemponza kichwa, na kichwa kilianza kutoka jasho.

"Mzee, basi wewe uwasindikize. Una mwili."

"Mimi mwenyewe ni mgeni hapa," akasema Tembo. "Nitawasindikizaje wageni wenzangu? Nenda. Nakungoja langoni."

Ngiri akamtafuta Nyani kwa macho. Nyani alikuwa ameona kitu muhimu sana juu ya mti.

Wakaenda. Ngiri mbele, mkia juu. Pimbi nyuma yake, mtoto mgongoni. Muhanga, Kanga, Panya Buku, wote. Wakaingia kwenye matete. Matete yalikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya. Pimbi alipopita pale palipoanguka mtoto, aliangalia mbele. Wakapita. Wakatokea upande wa pili, penye miamba walikokuwa wakilala.

"Haya, kwaherini," akasema Ngiri, akageuka upesi.

Njia ya kurudi ilikuwa mbele yake, nyembamba, mwanga unakwisha. Hapo ndipo akili ikamjia. Anayesindikiza hurudi peke yake.

Hroo-kha.

Sauti ilitoka kati yake na lango. Mkia ukashuka.

"Bi Pimbi," akasema. "Nisindikizeni."

"Mwenyeji hasindikizwi na wageni wake, Bwana. Hiyo si mila."

"Tumwache," akasema Muhanga. Alisema kwa sauti ya chini, na hakuwa akitania.

Nanyi mngemwacha, msinidanganye. Hata Pimbi alitaka. Alisimama, akasikia pumzi ya mtoto shingoni mwake, akafikiri. Kisha akasema, "Tukimwacha, atakuja ngiri mwingine, na lango litabaki lile lile. Mimi sitaki aliwe. Nataka lango."

Hroo-kha. Karibu zaidi.

"Bwana Ngiri," akasema Pimbi. "Mdogo wangu alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa mgeni," akasema Ngiri, kwa mazoea.

"Alikuwa nani?"

Matete yakatikisika.

"Mtu wa nyumbani. Alikuwa mtu wa nyumbani kwangu."

"Na sisi?"

"Watu wa nyumbani."

"Na huyu mtoto?"

Ngiri akafunga macho. Shwaa, matete yakafunguka, na macho mawili ya manjano yakaonekana.

"Na huyo!" akapiga kelele, mpaka Tembo akasikia kule langoni. "Na huyo pia wa nyumbani!"

"Basi twende nyumbani," akasema Pimbi.

Wakambana katikati. Muhanga akapiga ardhi, pu! pu! pu! Kanga wakapiga kelele zile zao, ke-ke-ke-ke, masikio yakauma. Panya Buku akatikisa matete kwa fimbo. Wakaenda kundi moja, hatua moja, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeachwa. Chui aliwafuata ubavuni. Akasogea, akasita. Akasogea, akasita. Alizoea kuchukua anayebaki nyuma, na siku hiyo nyuma hapakuwa na mtu.

Wakafika. Nyani alikuwa ameshika lango. Kwa mazoea akafungua mdomo, "Jua lime..." Akamwona Tembo anamtazama. Akaufunga mdomo.

Wakaingia wote. Pimbi akaingia wa mwisho, mtoto mgongoni, akageuka akalifunga lango kwa mkono wake mwenyewe. Kwaa. Chui akakwaruza miiba kwa nje, kisha akaondoka.

Nyuma ya tanuri palikuwa na joto. Pimbi akatandika nyasi. Akatandika za kwake, akatandika za mtoto, na kando yao akatandika mahali pa mtu mwingine mmoja.

Asubuhi Nyani akafungua lango, akaimba, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaiimbia njia tupu. Wote walikuwa nyuma yake, wanacheka, udongo mikononi.

Na fundisho ni hili, silifichi. Aliyeshika jembe lako kila siku ni mtu wa nyumba yako. Ukimwita mgeni ili usimtunze, iko jioni utakayotafuta wa kukusindikiza.

Haya, kabla hatujaachana. Jua limezama!

Mmesita. Ndicho nilichotaka. Jibuni hivi, "Tuingie sote." Jua limezama!

Tuingie sote!

Hadithi yangu imeishia hapo, langoni. Wa mwisho kuingia afunge.