Bi Pimbi na Salamu ya Tatu

Hapo zamani za kale, na nikisema kale ni kale kweli, enzi hizo wanyama walikuwa na milango na mlango hauingiwi bila hodi, palikuwa na mkandaji mmoja akiitwa Bi Pimbi. Kheri, mwache mwenzako, sikiliza.

Pimbi mnamjua? Mdogo, hana mkia, anakaa majabalini. Lakini nyayo zake sasa! Laini, tena zina unyevu. Akikuchua kwa mafuta ya nyonyo, maumivu yanahama yenyewe. Kwao mlimani alikuwa na jina. Ukame ukaja, majani yakaisha, akabeba watoto wake watatu na mkeka wake wa kazi, akahamia Bonde la Mikwaju.

Bondeni akapata pango zuri, lina baridi, lina majani jirani. Hata hajamaliza kufagia, akasikia: Ndi! Ndi! Ndi!

Mlangoni kasimama Kifaru. Hodi hakupiga.

"Wewe nani?"

"Shikamoo. Mie Pimbi. Nakanda viungo."

"Unakanda nini! Mganga wa bonde hili ni mimi. Anayeumwa mgongo anakuja kwangu, namkanyaga mara moja, basi, kapona."

"Na asipopona?"

"Hajarudi hata mmoja kulalamika!"

Kifaru akamsukuma kwa pembe mpaka kwa Mama Tembo, jumbe wa bonde. Mama Tembo alikuwa mpenda haki, lakini sheria zake hazikuwa na mlango wa uani.

"Fundi ni mwenye watu," alisema. "Siku ya saba ni gulio. Tandika mkeka wako hadharani. Akikaa juu yake japo mmoja, kwa hiari yake, utabaki hapa na wanao. Jua likifika utosini hajakaa mtu, utarudi ulikotoka."

"Na pangoni nitaweka mizizi yangu ya dawa," akadakia Kifaru.

Kurudi alikotoka! Kule hakuna hata jani la kutafuna. Bi Pimbi aliwatazama wale watoto watatu, akauvuta karibu mkeka wake wa kazi.

Kulipokucha akasimama njia ya mtoni, akapaza sauti: "Nakanda! Nachua! Nani ana mgongo? Nani ana nyonga?"

Akapita Twiga, shingo imepinda kama mnazi wa pwani.

"Kaka Twiga, hujambo?"

"Sijambo!"

"Na hiyo shingo?"

"Shingo gani? Natazama mawingu." Akaenda zake, akajikwaa kwenye kichuguu, pu!

Akapita Bi Kanga, anachechemea, chee, chee.

"Shoga, hujambo?"

"Sijambo kabisa, mwenzangu! Mzima kama chuma!" Chee, chee, akapotea kichakani.

Siku ya pili mambo yaleyale. Bonde zima sijambo. Huyu anakohoa, sijambo. Yule kajifunga tambara kiunoni, sijambo.

"Maisha yangu sijaona wagonjwa wazima namna hii," Bi Pimbi alinung'unika.

Mnacheka? Haya, wewe Tabu, jana jino lilikuvimbisha shavu likawa hivi. Mgeni alipokuuliza hujambo, ulimjibu nini? Ehe. Basi nyamaza tuendelee.

Siku ya tatu Bi Pimbi akaishiwa chumvi. Akaenda kwa jirani yake, na jirani yake alikuwa huyohuyo Bi Kanga.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani! Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Nzuri."

Bi Kanga alikuwa anapeta mtama. Bi Pimbi hakuomba chumvi mlangoni, adabu gani hiyo? Alivuta kigoda, akachukua ungo wa pili, akapeta. Fya, fya, fya.

"Za watoto?"

"Wazima wote."

Fya, fya, fya. Kisha akauliza polepole, "Na wewe mwenyewe, mwenzangu?"

Bi Kanga akashusha pumzi ndefu.

"Mie salama... ila."

"Ila?"

"Ila huu mguu, jamani! Nilitegukia kisimani, hii wiki ya tatu silali! Niuseme njiani, Kifaru asikie, aje anikanyage?"

Bi Pimbi akaweka ungo chini. Akaushika mguu, akaupapasa, akauvuta. Kwa!

"Uwiii! Umeniua!" Bi Kanga akaruka. Akasimama. Akakanyaga. Akakanyaga tena. "Aaah! Mwenzangu! Aaah!" Akacheka huku machozi yanamtoka.

Bi Pimbi alirudi nyumbani mbio, chumvi kaisahau kulekule.

"Kumbe mjinga ni mie!" aliwaambia wanawe. "'Sijambo' ni komeo la mlango tu. Kinachofungua ni 'ila', na 'ila' haitoki njiani. Inatoka kwenye salamu ya tatu, tena uwe umekaa!"

Tangu hapo hakupiga kelele tena. Alipiga hodi. Kwa Twiga alikwenda na kitita cha majani ya mgunga. Wakala, wakamsengenya Nyani, wakasalimiana mara ya tatu. "Salama, ila..." Shingo ikanyooka. Kwa Nungunungu alikaa mpaka mchana, maana yule hajawahi kutembelewa na mtu asiyeogopa miiba, maneno yalimjaa. Kwa Swala hakupata ila yoyote. Alipata uji, akaunywa, akashukuru, akaaga.

Kila aliyepona aliuliza, "Nikupe nini?"

"Mjulie hali jirani yako," alijibu. "Akisema ila, mwonyeshe pango langu."

Siku ya sita Bi Kanga akaja, uso umemshuka.

"Shoga, tunakupenda, lakini kesho kuna kazi. Kifaru kaapa atasimama pembeni ya mkeka wako. Nani atakaa mbele ya pembe ile?"

Bi Pimbi akafikiri. "Hebu niambie. Huyo Kifaru, nani humjulia hali?"

"Kifaru? Ajuliwe hali na nani? Si ndiye mganga!"

"Mganga hajigangi," alisema Bi Pimbi. Akakumbuka siku ile Kifaru alipomjia. Kutazama kushoto, aligeuka mwili mzima. Kutazama kulia, mwili mzima. Shingo haikutikisika hata kidogo. Mkandaji akacheka peke yake.

Siku ya gulio ikafika. Bi Pimbi aliwahi kabla ya wote, akatandika mkeka kwenye kivuli cha jiwe. Uwanja mzima kivuli kilikuwa hicho tu, na kilikuwa saizi ya mkeka.

Kifaru akaja, ametoka kujigaragaza matopeni, anameremeta. Akasimama juani, pembe juu.

"Namngoja huyo atakayekaa! Nataka nimjue!"

Twiga akasogea hatua moja.

"Twiga! Hujambo?" Kifaru akanguruma.

"S-s-sijambo!" Twiga akarudi kinyumenyume.

Bi Kanga akasogea. Pembe ikashuka. Bi Kanga akakumbuka ana shughuli upande wa pili. Bi Pimbi akampungia mkono kwamba asijali.

Jua likapanda. Likapanda. Watoto watatu wa Bi Pimbi walikuwa wamekumbatiana nyuma ya jiwe, na mama yao alilitazama jua kila mara, maana ujanja ni ujanja, lakini ukishindikana ni njia ya mlimani na njaa. Kifaru naye jasho linamchuruzika, matope yanaanza kukauka.

"Bwana Kifaru," Bi Pimbi akasema kwa unyonge, "naona nimeshindwa. Lakini mgeni muungwana haondoki bila kuagana na mwenyeji wake. Sogea kivulini tuagane vizuri, mkubwa hapaswi kusimama juani."

"Aga upesi!" Kifaru akasogea. Miguu yote minne, mkekani.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Haya, nenda."

"Za nyumbani?"

"Nzuri! Nimesema nenda!"

Bi Pimbi hakwenda. Alikaa kitako, akakunja miguu, akamtazama Kifaru usoni.

"Na wewe mwenyewe, Bwana Kifaru? U hali gani?"

Kifaru akafungua mdomo. Akaufunga. Tangu azaliwe waliomsalimu walikuwa wanakimbia huku wanamsalimu. Huyu kauliza, na sasa amekaa anangoja jibu!

"Mimi..."

"Naam."

"Mimi salama."

Bi Pimbi kakaa palepale. Anangoja.

"Salama... ila."

"Ila?" Gulio zima likanong'ona.

"Ila hii shingo, jamani!" Kifaru akabubujika. "Pembe hii nzito! Mwaka wa tatu sasa! Mwanangu hutembea nyuma yangu, na nikigeuka mwili mzima, naye kashazunguka nyuma, simwoni!" Na hapohapo akakaa. PUU! Ardhi ikatikisika, vibuyu vikaanguka.

Bi Pimbi hakupoteza muda. Alimpanda mabegani na mafuta yake ya nyonyo. Akachua, akabonyeza, akasukuma. Ku! Ku! Kwaa!

"Aaaaah," akasema Kifaru. "Aaaaaah, mama yangu."

Mama Tembo akatazama jua. Lilikuwa bado kidole kimoja kufika utosini. Akatazama mkeka. Akasema, "Mtu amekaa."

Kifaru akashtuka, akaruka wima. "Nani amekaa? Mimi? Sikukaa! Niliinama kidogo tu!"

"Umekaa!" gulio likapiga kelele.

"Sijakaa! Ushahidi uko wapi? Waongo nyie!" Akageuka kuondoka kwa hasira.

Lahaula! Kule nyuma, kwenye yale matope ya matakoni yaliyobaki mabichi, mkeka ulikuwa umejichora wote! Ukili kwa ukili, mshono kwa mshono, mpaka kona moja iliyotafunwa na watoto wa Bi Pimbi.

"Kwa kwa kwa!" Bi Kanga akaanguka chini kwa kicheko. "Bwana Kifaru, rudisha mkeka wa watu!"

"Mkeka gani?" Kifaru akageuza shingo kutazama nyuma.

Akauona.

Kisha akaganda hivyohivyo. Kwa sababu, ngoja kwanza, ameuonaje? Akageuza shingo kulia. Ikaenda. Akaigeuza kushoto. Ikaenda! Na pale kushoto, nyuma yake, amesimama mwanawe, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Mwanangu!" Kifaru akasema. "Kumbe umeota pembe!"

"Nilishaota tangu mwaka juzi, baba!"

Basi Kifaru hakuwa na hasira tena ya kuikasirikia dunia. Alicheka, gulio likacheka. Bi Pimbi yeye hakucheka. Alikaa mkekani, watoto wake watatu wakamrukia shingoni, akalia kwa raha. Pango ni lao. Majani ni yao. Hakuna kurudi mlimani!

Na kuanzia hapo ikawa foleni. Ikiwa Kifaru amekaa mbele ya watu, nani aone haya? Nyati: "Sijambo, ila nyonga." Nyani: "Sijambo, ila bega." Kobe naye alifika, gulio limekwisha, lakini alikandwa.

Jioni Bi Pimbi akasikia pangoni: Ndi. Ndi. Ndi. Taratibu. Kisha sauti nzito ikasema, kwa mara ya kwanza tangu izaliwe:

"Hodi?"

"Karibu! Hujambo, Bwana Kifaru?"

"Sijambo," akajibu, akakaa kitako. "Nimekuja kukujulia hali tu. Na wewe mwenyewe, u mzima?"

Anayekuuliza huku anapita huambiwa sijambo. Anayekuuliza akakaa ndiye huambiwa ukweli.

Hadithi yangu imefika kwenye mkeka wake, imekaa. Wengine nendeni mkaoge. Tabu, wewe baki, sogea hapa karibu. Haya, mwanangu, jino linaendeleaje?