Mpambaji wa Harusi ya Homa

Hapo zamani za kale, Nyati alipokuwa bado na nyumba ya udongo na majirani wa kugombana nao, aliishi Sisimizi mmoja jina lake Mwanakombo. Alikaa mwilini mwa Nyati, akipita kwenye mishipa ya damu kama wewe unavyopita uchochoroni kwenu. Usiniulize aliingiaje. Aliingia.

Masika hayo Nyati alilala kitandani akitetemeka tetetete. Wadudu wa Homa, mapande ya watu wenye vifua, walikuwa wamehamia kwenye damu yake.

"Mjukuu wangu," Nyati akasema, "mimi nitapona, nimeshazoea. Ninamwogopa Mbu. Akitoka hapa anakwenda nyumba ya pili, kwa binti yangu. Masika yaliyopita ndama wake alikufa kwa homa. Sasa amezaa mwingine, Sikitu, hata wiki mbili hana."

Mwanakombo alimpenda sana yule ndama. Akawaza, akawaza.

"Babu, Homa wana mila yao. Hawaoani hapa kwako. Wanaoana tumboni mwa Mbu, na watoto wao ndio wanaopelekwa nyumba ya pili."

"Basi uwaue hao maharusi hapa hapa."

"Siwawezi. Wamejifunika majoho mekundu gubigubi. Wanayavua kule kule."

"Sasa mimi utaniponyaje?"

"Wewe sikuponyi, babu. Ninakwenda kwa ajili ya Sikitu."

Nyati akashusha pumzi. "Nenda, mjukuu wangu."

Mwanakombo akatwaa liwa ya kupaka maharusi, akaichanganya na utomvu wa fenesi, ule unaong'ang'ania vidole mpaka mama alete mafuta. Akamwendea Makeke, bwana harusi.

"Bwana harusi, mpambaji wenu nani?"

"Hatuna. Tumemlaza Nyati chali, mpambaji wa nini?"

"Harusi bila liwa? Haya. Watu watasema."

Bibi harusi, Nyamvua, akamkata jicho mwenzake. "Nilikwambia mimi. Unataka kuniaibisha."

Makeke akanywea. "Basi tupake."

"Si sasa. Nitawapaka mkishavua majoho."

Magharibi Mbu akaja, nziii. Akachoma, akafyonza, fyuu, na wote watatu wakatua tumboni mwake.

Majoho yakavuliwa. Mwanakombo akaanza kazi: uso, kifua, viganja. "Tulia, bwana harusi. Fumba macho. Bado mgongoni."

"Mbona inavuta?"

"Liwa nzuri ndivyo ilivyo. Inakaza ngozi."

Alipomaliza wote wawili, Makeke akataka kumshika bibi harusi mkono. Mkono umenata kifuani. Mguu haunyanyuki. Na uso wake ulivyofunikwa, hata Nyamvua hakumtambua.

"Wewe nani?"

"Mimi mchumba wako."

"Mchumba wangu ana uso. Usinisogelee."

"Mwanakombo, tubandue."

"Mimi kazi yangu kupamba," Mwanakombo akajibu. "Kubandua mtafute mwingine."

Tumbo la Mbu halingoji harusi ya mtu. Likawasaga wote wawili pamoja na chakula chake. Mwanakombo akapanda kooni, akatekenya, Mbu akapiga chafya, chya, na Mwanakombo akadondoka uani kwa binti Nyati.

Baada ya siku nyingi Mbu akarudi, akamuuma Sikitu sikioni. Tangu hapo Mwanakombo akawa akimpanda ndama pajini kila asubuhi, akimgusa kama ana joto. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Siku ya kwanza, hana joto. Ya tano, hana. Wiki ya pili ikaisha, Sikitu anajikuna sikio tu.

Nyati, sasa amepona, alikaa kibarazani akasikia kishindo nyumba ya pili, pwaa.

"Nani anavunja vyungu huko?"

"Sikitu, babu," Mwanakombo akamwambia. "Ameanza kukimbia."

Nyati akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwache avunje. Na cha kwangu kipo, aje akivunje."

Basi wanangu, ukiizuia homa isitoke kwako, umeshamtibu mtoto wa jirani kabla hajaugua.