Kadi Moja ya Mahafali ya Ikupa

Hapo zamani, si zamani ya mababu zetu bali ile ya kabla lami haijafika kwenye milima ya Rungwe, paliishi mume na mke kando ya mashamba ya chai. Mume aliitwa Ambakisye, na kazi yake ilikuwa kupasua mbao msituni. Mke aliitwa Tupokigwe. Yeye alikuwa amesoma hadi darasa la saba, akafaulu, lakini baba yake akakataa asiendelee. Walimngoja mtoto kwa miaka tisa. Alipozaliwa binti wakamwita Ikupa, maana yake Mungu hutoa.

Nisikilizeni vizuri, ninyi wazazi mnaofundisha watoto wenu nyumbani, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na mimi mwenyewe sijalipatia jibu.

Ikupa alikuwa na pumu. Shule ilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili, na asubuhi za kule, kusiponyesha basi kuna ukungu. Darasa la kwanza alilimaliza kwa taabu. Alipokuwa darasa la pili, mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali, pumzi ilimkatika bondeni. Wachuma chai walimkuta ameketi juu ya jiwe, midomo imebadilika rangi, hawezi kusema. Wakambeba mgongoni kwa zamu hadi zahanati. Alipona. Lakini mganga aliwaambia wazazi wake waziwazi kwamba mtoto huyo asipitishwe tena bonde lile asubuhi, kwa miaka kadhaa, mpaka kifua chake kipate nguvu.

Wazazi wale wakaomba siku tatu. Siku ya nne wakaenda kwa mwalimu mkuu, wakamwambia kwamba wanataka kumfundisha mtoto wao nyumbani. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema. Hakuliondoa jina la Ikupa kwenye daftari la shule. Aliwapa vitabu vilivyochakaa, kiroba kizima, akasema mtoto awe anakuja kwenye mitihani tu, na mama akikwama aje kuuliza siku ya Jumamosi.

Sasa, Tupokigwe hakujua kufundisha. Alichokijua ni shule aliyosoma yeye. Basi akaijenga shule ile ile sebuleni kwake. Akapiga kengele ya chuma saa moja na nusu. Akamvalisha mtoto sare. Akapanga vipindi vinane, kila kimoja dakika arobaini, na maombi mwanzo na mwisho. Wiki ya kwanza ikaenda. Wiki ya pili mtoto akaanza kulia kabla ya kengele. Mwezi wa tatu walikuwa wanalia wote wawili, mama jikoni, mtoto mezani, na Ikupa alikuwa amesahau hata kujumlisha alikokujua alipokuwa shuleni. Wakati huo Ambakisye alikuwa msituni, akikaa wiki mbili au tatu bila kuonekana. Maji, kuni, shamba, kupika na vipindi vinane, vyote vilikuwa juu ya mwanamke mmoja.

Siku moja Tupokigwe akavirudisha vitabu ndani ya kiroba, akakitwika kichwani, akashika njia ya shuleni. Alikuwa amekata tamaa. Alikuwa anaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba ameshindwa.

Njiani alipita mbele ya nyumba ya Mama Lwitiko. Huyu alikuwa mjane, mtu wa kanisani kwao, amelea watoto wanane na wote walikuwa wameshaondoka. Alikuwa nje anamenya ndizi. Alipouona uso wa Tupokigwe akamwambia atue mzigo. Tupokigwe akatua, akaeleza yote, vipindi, kengele, machozi. Mama Lwitiko akaendelea kumenya. Kisha akauliza swali moja: jana mtoto alifanya nini alipotoka mezani? Tupokigwe akafikiri. Akasema kwamba jana jioni Ikupa alikuwa anahesabu vichane kwenye mkungu wa ndizi, akasema viko tisa, na kila kimoja kina ndizi kumi na mbili isipokuwa cha mwisho, halafu akazijumlisha zote kwa kichwa.

Mama Lwitiko akaweka kisu chini. "Mwanangu," akasema, "Mungu hakukupa shule uiendeshe. Amekupa mtoto umlee. Ondoa hiyo kengele. Mfundishe asubuhi mambo mawili, kusoma na kuhesabu, kifua chake kikiwa bado na nguvu. Akichoka, mwache. Yaliyobaki atayapata shambani na jikoni. Na Alhamisi usifundishe kabisa. Nitakuja mimi nikae naye, wewe ulale au ukatembee."

Tupokigwe akakitwika kiroba chake, akarudi nacho nyumbani.

Ambakisye aliporudi kutoka msituni akakuta kengele haipo na mtoto anacheka. Akaelezwa yaliyotokea. Asubuhi iliyofuata akautundika msumeno wake mkubwa darini, akaenda kuomba kazi ya kuchuma chai, kazi yenye kipato kidogo kuliko mbao, ili awe analala nyumbani. Akamwambia mkewe kwamba tangu siku hiyo maji ni yake, kuni ni zake, na chakula cha mchana atakipika yeye akirudi, ili mama na mtoto waachiwe asubuhi yao.

Watu walimcheka, na walimcheka kweli. Mwanamume wa Kinyakyusa amebeba ndoo kichwani, amechutama mbele ya mafiga anageuza magimbi. Kilabuni walimpa jina la Mama Mkwe. Ndugu zake walikuja kumuuliza kama amerogwa. Yeye akawakaribisha magimbi.

Basi ikawa hivyo. Mama akafundisha, baba akapika, na Alhamisi Mama Lwitiko akaja.

Walipofika kwenye sehemu, zile hesabu za nusu na robo, Tupokigwe akakwama. Alikuwa ameshasahau, na nyingine hakuwahi kuzielewa. Akaanza kuamka mapema kuliko jogoo, anasoma ukurasa wa leo kabla mtoto hajauona. Jumamosi akawa anavuka mabonde mawili kwenda kwa mwalimu mkuu na daftari lake kwapani, mtu mzima na mtandio wake, anauliza maswali ya watoto. Kuna siku alimwambia Ikupa, "Hili silijui. Kesho nitakuwa nalijua." Mtoto akajifunza kwamba kutojua si aibu.

Mama akafundisha, baba akapika, na Alhamisi Mama Lwitiko akaja.

Ambakisye hakujua kusoma. Jioni moja akamwomba binti yake amwonyeshe herufi. Ikupa alikuwa na miaka kumi. Akamfundisha baba yake kila jioni baada ya maombi, na kwa kuwa alilazimika kueleza kila kitu mara tatu, mambo yakamkaa kichwani yasitoke tena. Mwaka wa pili, Jumapili ya mavuno, mchungaji akamwita Ambakisye mbele asome zaburi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na mara mbili akakwama. Wale waliomwita Mama Mkwe walikuwa kwenye mabenchi ya nyuma, wakainamisha vichwa. Tangu siku hiyo wanaume wawili kati yao wakawa wanakuja jioni kukaa pembeni ya taa, nao wafundishwe na mtoto.

Haikuwa raha kila siku. Mwaka mmoja Ikupa aliugua miezi miwili, wakasoma hadithi za Biblia tu kitandani, na Tupokigwe akaona kila kitu kimepotea. Alhamisi Mama Lwitiko alipokuja, alimkumbusha kwamba miezi miwili katika maisha ya mtu si kitu, na kwamba mtoto aliyesomewa akiwa mgonjwa hatasahau aliyemsomea. Akafua nguo zote zilizokuwepo, akaondoka.

Ikupa akafanya mtihani wa darasa la saba, akafaulu. Kifua kilikuwa bado dhaifu, kwa hiyo sekondari akaisoma nyumbani pia, akafanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza hesabu alianguka. Mama na binti wakarudia kitabu cha hesabu chote, ukurasa kwa ukurasa, na mara ya pili akapita. Alipofika miaka ishirini kifua kilikuwa kimetulia, na akachaguliwa kwenda chuo cha uuguzi.

Sasa tunakaribia lile swali.

Ikupa akamaliza chuo. Yakapangwa mahafali. Lakini upepo ulikuwa umeezua paa la ukumbi mkubwa, sherehe ikahamishiwa kwenye ukumbi mdogo, na kila mhitimu akapewa kadi moja ya mgeni mmoja. Jina linaandikwa juu ya kadi, mwenye jina anaketi mstari wa mbele, na mhitimu akishavikwa kofia yake ya uuguzi anashuka kumshukuru mtu huyo mbele ya watu wote.

Ikupa akaja nayo nyumbani. Akamwita Mama Lwitiko, wakakaa wanne jikoni. Akaiweka kadi mezani, mahali pa jina pakiwa patupu, akawaambia kwamba yeye ameshindwa kuamua, wao wamsaidie.

Mama yake akasema kwanza. "Mwandike Mama Lwitiko. Mimi nilikuwa njiani kurudisha vitabu. Angeniacha nipite siku ile, wewe usingesoma. Miaka kumi na miwili hakukosa Alhamisi, na wewe si mtoto wake. Halafu macho yake yameanza kuingia ukungu. Akikosa kuiona siku hii, hataiona nyingine."

Mama Lwitiko akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa na siku moja katika wiki," akasema. "Siku sita zilikuwa za baba yako. Aliacha msumeno, akachekwa na ndugu zake, akabeba ndoo. Maneno yangu yangefaa nini kama mama yako angekuwa na maji, kuni na shamba peke yake? Mwandike baba yako. Hajawahi kuingia darasani maisha yake yote, na mwalimu wake ni wewe."

Ambakisye akaisogeza kadi mbele ya mkewe. Kisha akasema, "Mimi nilipika tu, na hata kusoma nilifundishwa na wewe. Aliyefundisha ni mama yako. Kila ulichokijua alikijua kwanza, na alikipata kwa kuamka gizani na kuvuka mabonde. Alifaulu akiwa msichana, akakatazwa. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa ajili ya shule. Mwandike mama yako."

Ikupa aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amedhani kila mmoja ataitaka kadi, na moyoni alikuwa amejiandaa kumtuliza atakayeikosa. Sasa akakuta wote wanaisukuma mbali nao. Akalia, na haikuwa kwa huzuni. Wakaomba pamoja, wakamshukuru Mungu kwa kila mmoja kwa jina, wakala magimbi. Kesho yake akarudi chuoni, akashika kalamu, akaandika jina moja.

Siku ya mahafali walisafiri wote watatu. Mmoja akaingia na kadi, akaketi mstari wa mbele. Wawili wakabaki nje na kusimama dirishani, na hawakuwa na kinyongo hata kidogo. Kofia ilipowekwa kichwani kwa Ikupa, kigelegele cha kwanza kilitoka dirishani.

Jina lililoandikwa ninalijua, ila leo silitaji. Nataka kusikia kwenu kwanza, ninyi ambao mezani kwenu kuna vitabu na machozi, na ninyi mnaochota maji ili mwingine afundishe, na ninyi mnaopita siku moja tu kumwambia mwenzenu asikate tamaa. Aliyemfundisha Ikupa, aliyembebea mwalimu mizigo yake, na aliyemgeuza mwalimu njiani: kiti kilikuwa kimoja. Je, nani alistahili kuketi?